Matete Yasiyo na Mizizi

Niliwafundisha watu kung'oa majani ziwani, wakanielewa. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi ya bibi afya sijawahi kueleweka vile, na sijawahi kujuta vile.

Ilikuwa mwaka 1996. Gugu maji lilikuwa limefunga mialo, mitumbwi inakwama kwenye majani na wavuvi wanarudi na nyavu zilizojaa uchafu. Ofisi ikapata mradi, mradi ukapata gari, gari likafungwa kipaza sauti, na nyuma ya kipaza sauti nikawekwa mimi, Bernadeta Kashindye, kwa sababu nina sauti kubwa na hasira za karibu. Maneno ya kusema niliandikiwa na Revocatus, mratibu wetu wa elimu kwa umma, ambaye aliyatunga kwenye semina ya siku tatu hotelini: "Kijani majini ni adui. Ukikiona, king'oe." Nilimwambia siku ileile kwamba si kila kinachoota majini ni gugu. Akanijibu kwamba wananchi wanahitaji ujumbe mfupi. Basi nikaupaza ujumbe mfupi mwaka mzima, kuanzia Igogo mpaka mialo ya Ilemela, hadi watoto wakawa wanaruka kamba kwa maneno hayo.

Mwaka uliofuata, ofisi hiyohiyo ikapanda matete majini.

Mahali penyewe ni nje kidogo ya Igogo, kwenye korongo tunaloliita la Mawe Mapacha. Juu ya korongo nyumba zimepachikwa katikati ya majabali. Ukichimba choo kule, futi ya nne sululu inagonga mwamba, na choo kifupi hakichelewi kujaa. Kwa hiyo mvua kubwa inaponyesha, watu wa juu hutoa jiwe lililoziba upande wa chini wa shimo, maji ya mvua yakasomba kila kitu. Wanaita kutapisha choo. Choo kinatapika korongoni, korongo linashuka bondeni, na bondeni kuna watu.

Kulikuwa na Apiyo, mjane wa Kijaluo kutoka Shirati, aliyekuwa anakaanga mapanki. Mapanki ni ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishapanda ndege. Soko huria, tuliambiwa; minofu ikaenda Ulaya, mifupa ikaja kwetu na foleni juu yake. Apiyo alichota maji yake mwaloni, hatua thelathini kutoka korongo linapoingia ziwani, kwa sababu bomba la mtaa lilitoa maji siku mbili kwa wiki na siku zilizobaki lilitoa upepo. Mvua za mwaka 1995 kipindupindu kilimchukua mume wake, Okwach, kwa siku moja na nusu. Binti yao Favour, aliyekuwa na miaka minne, alilala kwenye hema la kambi ya kipindupindu siku tisa. Kila asubuhi nilikuwa ninaingia kwenye lile hema na daftari langu la wagonjwa, na kila asubuhi niliogopa kutazama kitanda chake.

Kwa hiyo fundi Pius Otuoma alipokuja na mchoro wa mabwawa matatu ya kusafisha maji ya korongo kabla hayajaingia ziwani, Apiyo alitoa bustani yake yote ya mchicha. Alisema mchicha anaweza kuununua sokoni.

Otuoma ni mtu wa maneno machache, lakini alimweleza Apiyo kila kitu, miguu yake ikiwa matopeni. Bwawa la kwanza ni la kuyatuliza maji, mchanga na uzito wote ubaki chini. La pili ni la kokoto na matete. Maji yanapita taratibu katikati ya mizizi, na kwenye mizizi kuna vijidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu. La tatu ni la kuyapumzisha juani, ndipo yaende ziwani.

"Kwa hiyo kazi inafanywa na majani," Apiyo alisema.

"Kazi inafanywa na mizizi, mama. Majani ni ya kuonekana tu. Na usije ukanywa maji ya hapa bila kuchemsha, hata yakiwa meupe. Sisi tunataka mwalo wako usiletewe kinyesi cha mlima mzima kwa saa moja."

Otuoma alipanda matete mwezi wa tano. Mwezi wa kumi matete yalikuwa yamempita kichwa. Mvua zilikuwa zinakuja, na redio ilikuwa imekwisha kuzipa jina la kigeni na kututisha nalo, Elnino. Otuoma alisema matete yakizikuta mvua hizo yakiwa yamesimama, bondeni hakutakuwa na hema la kipindupindu mwaka huo.

Mimi nilikuwa nimekwenda kwa Revocatus tangu mwezi wa saba. Nilimkuta anapepewa na feni, mbele yake kuna sampuli za fulana za uzinduzi.

"Bwana Revocatus, watu lazima waambiwe. Mwaka mzima nimewaambia wang'oe. Sasa tumepanda."

"Elimu itafuata baada ya uzinduzi, Bibi Bernadeta. Ndivyo ilivyo kwenye mpango kazi. Vipeperushi viko Dar, vinachapwa."

"Basi nipe gari kwa siku mbili."

"Gari lina ratiba yake."

Ratiba ya gari niliiona Jumamosi hiyo mjini, limefungwa maua, linabeba maharusi. Nilirudi ofisini mwezi wa nane, nikarudi mwezi wa tisa. Mara ya tatu aliniambia nina tabia ya kuwahisha mambo. Nikavaa viatu vyangu vya kazi, nikazunguka kwa miguu nyumba zote za bondeni, wakaanga mapanki, wavuvi, shule ya msingi, nikawaambia kwamba matete haya si gugu, haya ni dawa, yasiguswe. Bondeni kote wakaelewa.

Juu sikupanda. Hapa ningeweza kudanganya nikasema nilikosa muda, maana hakuna aliyeniuliza. Sikupanda kwa sababu niliwachukia watu wa juu. Okwach alipokufa nilikwenda kule na mgambo wawili, nikawafikisha watu kumi na mmoja kwenye baraza la kata kwa kutapisha vyoo. Wa kwanza alikuwa mzee Ndalahwa. Nilimwita muuaji mbele ya wajukuu zake, mtu wa umri wa baba yangu. Tangu hapo wakiona sare yangu nyeupe wanafunga milango, na mimi nikisikia jina la Mawe Mapacha ninatema mate. Nilijisemea hawafundishiki. Nikawaacha na maneno ya mwaka jana.

Na mimi ni Msukuma wa Magu, nilipaswa kujua ninaowaacha ni watu gani. Ndalahwa alikuwa kiongozi wa bugobogobo, kilimo cha ngoma. Kwetu watu hulima kwa vikundi, wapiga ngoma nyuma yao, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, wakishindana. Jembe linapanda na kushuka kwa mdundo, na anayesimama kabla ngoma haijasimama atachekwa mpaka mavuno mengine. Watu wa Mawe Mapacha walihamia mjini na ngoma zao. Mashamba hawana, wanaishi juu ya mawe. Basi wanachimba misingi ya nyumba na makaburi, kwa mtindo uleule. Ukiwapa kazi hawaulizi mpaka wapi. Wanaisikiliza ngoma.

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi ya katikati ya Novemba. Jumatano Revocatus alituma karatasi kwa mwenyekiti wa mtaa wa juu. Niliisoma baadaye, ilikuwa na mstari mmoja: eneo la mabwawa lisafishwe, mgeni rasmi anakuja. Hakuandika lisafishwe nini. Ndalahwa na watu wake, ambao kwa miaka miwili walikuwa wanatazamwa bondeni kama wauaji, wakaona Mungu amewapa nafasi ya kujisafisha jina.

Alhamisi asubuhi nilisikia ngoma nikiwa ofisini, nikadhani kuna msiba. Saa nne nikapita mabwawani nikielekea mwaloni.

Walikuwa wamegawana bwawa la pili. Wagika upande wa mashariki, Wagalu upande wa magharibi, watu kama hamsini, wanaume kwa wanawake, tope mpaka mapajani. Matete yote yalikuwa yamelazwa ukingoni kwa mafungu yaliyofungwa vizuri, mizizi myeupe ikiwa juu, inachuruzika maji. Hapakuwa na unyasi uliosimama. Hata kokoto walikuwa wamezisawazisha.

Ndalahwa aliinua mkono, ngoma ikanyamaza. Alinijia anatabasamu, mara ya kwanza tangu baraza la kata.

"Bibi afya, umekuja kutuhesabia? Wagalu wametushinda mafungu kumi. Lakini huoni kijani humu. Kijani majini ni adui. Tulikusikia."

Hakuwa ananidhihaki. Ningependa angekuwa ananidhihaki.

Sikumwamkia. Sikumweleza chochote. Nilifungua kinywa na matusi yote ya miaka miwili yakatoka, kwamba ni wanyama, kwamba kwanza waliwatapikia wenzao vyoo na sasa wamewang'olea dawa, kwamba jembe lina akili kuliko wao. Nilisema mbele ya wake zao. Ngoma ilikuwa imenyamaza, kwa hiyo kila mtu alinisikia. Wakatoka majini mmoja mmoja, wakaosha majembe, wakapanda mlima. Walikwenda bila kujua walichokosea, kwa sababu mwenye kazi ya kuwaambia alikuwa anatukana.

Otuoma alifika mchana. Alikaa juu ya kokoto, akachukua shina moja, akalikuna mizizi kwa ukucha. Jua lilikuwa kali na mizizi ilikuwa imekwisha kukauka.

"Miezi sita," alisema.

Apiyo alikuwa amesimama kando na ndoo yake. Nilitarajia awalaani watu wa juu, nilikuwa tayari kumsaidia. Aliniambia, "Dada Bernadeta, wewe ndiye uliyesema wang'oe. Nilikuwa ninakusikia kila asubuhi ninapowasha moto."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Revocatus ni mtu wa kuzoa. Ijumaa lori lilikuja na matete yaliyokatwa kwa panga kutoka dimbwi la upande wa Busisi, vibarua wakayachomeka kwenye kokoto moja moja, kwa mistari. Jioni bwawa la pili lilikuwa kijani kuliko lilivyokuwa kabla. Revocatus aliniita kando.

"Kesho utashika kipaza sauti dakika tano. Waeleze wananchi faida za mabwawa. Kisha mama mmoja wa bondeni atachota maji kwenye bwawa la tatu, na mtoto wake atakunywa kikombe mbele ya mgeni rasmi. Nimeshaongea na yule mkaanga mapanki. Picha itatoka gazetini."

"Atakunywa maji ya korongo?"

"Kikombe kimoja, Bibi Bernadeta."

"Na matete hayana mizizi."

"Mgeni rasmi hatayang'oa," alisema, akaenda kuangalia turubai.

Kwa Apiyo nilikwenda jioni hiyohiyo. Hakunifungulia. Alisema kupitia mlango kwamba wakubwa wamemhakikishia maji yamepimwa, na kwamba mimi amechoka kunisikiliza. Sikumlaumu.

Jumamosi kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, kreti za soda na kwaya. Watu wa bondeni walikaa mbele na fulana zao mpya. Watu wa juu walisimama nyuma kabisa, nje ya uzio, hakuna aliyewakaribisha ila walikuja. Saa sita, jua la utosini, ncha za matete zilikuwa zimeanza kujikunja. Mgeni rasmi alisifu ushirikiano wa wananchi. Revocatus alisifu wafadhili. Kisha akanipa kipaza sauti, na wakati huohuo Apiyo, hakusubiri nimalize dakika zangu, akainama akachota kwenye bwawa la tatu na kumpa Favour kikombe. Mtoto alikuwa amesukwa vizuri, ana soksi nyeupe. Alikishika kikombe kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

Nilikichukua kikombe mikononi mwake na kumwaga chini.

Mgeni rasmi alidhani ni sehemu ya onyesho, akatabasamu. Nikavua viatu, nikaingia bwawa la pili na sare yangu, nikashika tete la kwanza. Lilitoka bila kuvutwa. Nikachomoa la pili, la tatu, nikayainua juu, vikonyo vimekatwa kwa panga.

"Haya hayana mizizi," nilisema kwenye kipaza sauti. "Yamechomekwa jana. Yale yaliyoota yalikuwa dawa ya maji, na yameng'olewa juzi kwa sababu mwaka jana mimi niliwafundisha watu kung'oa na mwaka huu sikuwafundisha kuacha. Maji haya yanatoka vyooni moja kwa moja. Mtoto asinywe. Mtu yeyote asinywe."

Kwaya ilikuwa imejipanga, haikujua iimbe au isiimbe. Revocatus alianza kunong'ona na fundi mitambo. Kabla sauti haijakatwa, mtu aliongea kutoka nje ya uzio, na hakuhitaji kipaza sauti.

"Kwa nini hukutuambia?"

Alikuwa mzee Ndalahwa. Kofia ameivua, ameishika.

Wahenga wanasema ukivuliwa nguo, chutama. Nilikuwa na majibu mengi ya kuchutamia. Gari, vipeperushi, mpango kazi. Yote yalikuwa kweli, na Revocatus alikuwa pale nimwangushie.

"Kwa sababu niliwachukia," nilisema. "Nilipita kila nyumba ya bondeni. Kwenu nilikataa kupanda."

Kipaza sauti kikafa mkononi. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kusimama, msafara wake ukawasha magari, na soda zikabaki kwenye kreti zake. Revocatus alipita karibu yangu akaniambia tuonane Jumatatu saa mbili, nije na funguo za ofisi. Alipofika kwenye gari alisahau kulifungia mlango, nikaona vipeperushi viko kiti cha nyuma, maboksi mawili hayajafunguliwa. Sijui vilikuja lini kutoka Dar. Nilicheka kwa hasira mpaka machozi.

Watu wa juu hawakuondoka. Waliingia ndani ya uzio polepole. Ndalahwa alimwendea Otuoma, si mimi.

"Fundi, tukipanda leo?"

"Ninayo mizizi mingine ya kuchimba, mzee. Lakini itashika Machi, Aprili. Mvua haisubiri."

"Na mpaka Machi, ni nini kitazuia?"

Nikajibu mimi. "Mawe yenu, babu. Yale mnayoyatoa. Yakikaa mahali pake, korongo litaleta udongo tu."

"Na choo kikijaa?"

"Tutachimba vingine pamoja, pale kwenye udongo kando ya shule. Nitachimba na mimi. Kuanzia Jumatatu sitakuwa na kazi nyingine."

Mtu mmoja alicheka. Ndalahwa aliivaa tena kofia yake.

"Ukitutukana tumeshazoea," alisema. "Kuombwa bado hujatuomba."

Nikawaomba. Haikuwa rahisi, na sikuifanya vizuri. Nilitumia sauti ileile ya gari la matangazo. Hawakusema ndiyo wala hapana. Walibeba mafungu ya matete makavu kwa ajili ya kuezekea, wakapanda mlima.

Mvua ilikuja kesho yake mchana, watu wakiwa wanatoka kanisani. Haikuanza kwa manyunyu. Nilikimbia mpaka mdomo wa korongo nikamkuta Apiyo amefika kabla yangu, ngumi zimekunjwa. Hatukusalimiana. Tulisimama tunasikiliza maji yanavyoshuka kwenye majabali, sote wawili tukiwaza kambi na vitanda vyake vilivyotobolewa katikati, ndoo chini yake.

Maji yalifika mekundu. Yalileta matawi, ndala moja, galoni bovu, udongo mwingi. Yaliingia bwawa la kwanza yakajaa, yakaruka la pili ambako hakukuwa na kitu cha kuyashika. Apiyo alipiga magoti na kuyanusa. Akachota kwa kiganja, akanusa tena.

"Udongo," alisema.

Sikuamini, nikanusa mwenyewe. Ulikuwa udongo. Apiyo alifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti, na mimi sikujua niishike wapi furaha yangu.

Haikudumu nusu saa. Harufu ilikuja kwanza, kisha maji yakabadilika, yakawa na povu la kijivu, na vitu ambavyo bibi afya hahitaji kutajiwa. Apiyo alisimama, akaenda kumwondoa Favour mlangoni.

Nilijua. Nilijisemea nilijua, watu wale hata uwapigie magoti. Niliingia korongoni nikaanza kupanda, mvua inanichapa usoni, matusi yote yamerudi mahali pake, mapya na ya zamani. Nilikusudia kumfikia Ndalahwa kwanza.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, amekaa juu ya jiwe. Lile jiwe. Gunia kichwani, miguu ndani ya maji, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa choo ili mkondo usilisukume. Nikatazama upande wa pili wa korongo. Binti yake alikuwa amekaa juu ya lao, mtoto mgongoni chini ya nailoni. Nyumba iliyofuata wamekaa wawili. Mlima wote, nyumba kwa nyumba, mpaka mvua iliponizuia kuona, watu walikuwa wamekalia mawe yao.

Kinywa changu kilikuwa wazi tayari. Nikakifunga.

"Si hapa," Ndalahwa alisema. "Na sisi tunaisikia hiyo harufu. Inatoka juu yetu."

"Juu yenu hakuna nyumba, babu."

"Zipo."

Akamwita mjukuu wake akalie mahali pake, akachukua fimbo, akatangulia. Watu kama kumi walitufuata. Tulipanda kwa kushika mizizi, tukazunguka jabali kubwa la mwisho, na nyuma yake kulikuwa na uzio wa seng'enge, kuta nyeupe na mabati mekundu. Nyumba nne za watumishi wa serikali. Nilikuwa sijawahi kuziona kutoka upande ule. Huwa ninazifikia kwa barabara ya mbele, yenye taa na maua.

Chini ya uzio lilitoka bomba la chuma, nene, limeoza kwa kutu. Tangi la maji taka lilikuwa limejaa kwa mvua na lilikuwa linamwaga kupitia bomba hilo, kwa nguvu, korongoni. Juu ya bomba majani yalikuwa yamestawi vizuri. Lilikuwa limekuwapo miaka mingi. Lilikuwapo mwaka alipokufa Okwach.

Ndalahwa alisimama anatazama. Kuna methali inayofaa hapo, ya nyani, kila mtu pale aliijua, na hakuna aliyeisema.

"Hizi ni za nani?" aliuliza.

"Ya kwanza ya bwana mifugo. Ya pili ya karani. Hii ya Revocatus."

Dirishani kwa Revocatus pazia lilifunguka kidogo, likafungwa.

"Na ile ya mwisho?"

Nimetafuta mtu wa kumkasirikia tangu siku ile ya hema la kambi, nimewapata wengi, na wengi walistahili. Miaka kumi na miwili nimevuta mnyororo wa choo kile kila asubuhi kabla ya kuvaa sare na kwenda kuwafundisha watu usafi.

"Yangu, babu."

Alinitazama usoni. Hakuonyesha kufurahi, hakuonyesha kunihurumia. Alivua gunia lake kichwani, akalikunja, akanikabidhi.

"Hilo lisukumie ndani ya bomba," alisema. "Halafu tafuta jiwe, ukae."